Taimulapsi ya machweo hadi usiku: mwangaza otomatiki usiorukaruka

Wengi wanaopiga taimulapsi, yaani video inayounganishwa kwa picha zilizopigwa kwa vipindi, ya jua likizama hukwama palepale. Wakipanga kamera kwa mkono na kuiacha hivyo, baada ya nusu saa picha zinakuwa giza tupu. Wakiiachia kamera ijipangie, giza linaondoka, lakini video inatoka ikirukaruka: fremu moja angavu, inayofuata hafifu, kama taa yenye waya mbovu. Programu za kusawazisha hupunguza tatizo hilo baadaye, ila haziliondoi.

Chanzo ni kwamba otomatiki ya kamera imeundwa kwa ajili ya picha moja moja. Kila shata (kizuizi kinachofunguka kupitisha mwanga) inapofunguka inapima upya, na inaitikia chochote inachokiona: wingu jeupe, taa za gari, ndege anayekatiza. Taimulapsi inataka otomatiki nzito kushtuka, inayochelewa kidogo kwa makusudi, inayosogea kwa hatua ndogo na isiyorudi nyuma ovyo. Kazi yote iliyoko hapa chini ni kuipunguzia kamera utiifu.

Katika mwongozo huu, *mwanga* ni ule uliopo nje, na *mwangaza* ni kiasi ambacho picha inaupokea. *Stopu* moja ni kuongeza mwangaza mara mbili au kuupunguza kwa nusu.

## Vifaa

- Kamera yenye hali ya M (kupanga kila kitu kwa mkono) na inayohifadhi RAW (picha ghafi isiyochakatwa).
- Lenzi pana. Inayofunguka hadi f/2.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) au zaidi ni bora kama unataka kufika usiku wa nyota.
- Tripodi nzito, au nyepesi yenye ndoano ya kuning'iniza mfuko wa mawe.
- Betri bandia yenye waya wa pawabenki, au betri 2 zilizojaa. Kubadilisha betri katikati ya kazi husogeza kamera, kwa hiyo betri bandia ndiyo chaguo la kwanza.
- Kadi ya kumbukumbu ya GB 64 au zaidi.
- Mkanda wa kupashia lenzi joto, kama umande huanguka unakopigia.
- Kwa njia ya pili ya hatua ya 5 tu: kompyuta ndogo kama Raspberry Pi au laptopu yenye Linux, kebo ya USB, na programu ya gphoto2. Hakikisha mapema kwamba kamera yako inaweza kuendeshwa na gphoto2, kwani si zote.
- Kichujio cha ND8 kwa ajili ya majaribio. Kinapunguza mwanga kwa stopu 3.

## Hatua ya 1: Piga hesabu kabla ya kutoka

Jua hushuka digrii 15 kwa saa pale linapozama wima, kama inavyokaribia kuwa kwenye ikweta. Hapo digrii 6 za kwanza chini ya upeo huchukua dakika 24, na katika muda huo mwanga huanguka kutoka lux (kipimo cha mwanga) 400 hivi hadi lux 3 na kidogo, yaani takribani stopu 7. Digrii 6 zinazofuata huchukua dakika 24 nyingine, na mwanga unashuka chini ya lux 0.01: stopu 8 na ushee. Kwa hiyo kipimo cha kukumbuka ni stopu 1 kila dakika 3. Ukienda mbali na ikweta jua huzama kimshazari, na mteremko huo unakuwa mpole zaidi.

Kipimo hicho kinakuonyesha otomatiki yako inatakiwa kukimbia kwa kasi gani. Ukipiga picha moja kila sekunde 10, stopu 1 inagawanyika kwa picha 18. Kamera nyingi husogea kwa theluthi ya stopu, hivyo inatakiwa hatua moja kila picha 6. Ukiona mpangilio wako unabadilika kila picha, ujue haufuati mwanga wa jua. Unafuata kelele, yaani mabadiliko ya ovyo ya kipimo.

Urefu wa safari nao ni muhimu. Kuanzia ISO 100 (ISO ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/2.8 na shata ya 1/1000 hadi ISO 3200, f/2.8 na sekunde 15 ni stopu 19 hivi. Huwezi kuzipata kwa shata peke yake huku ISO ikibaki 100, kwani shata ingezidi kwa mbali muda kati ya picha na picha. Mjini safari ni fupi zaidi, kwa sababu taa za barabarani huweka sakafu ambayo mwanga haushuki chini yake.

Anza dakika 30 kabla ya jua kuzama na umalize dakika 90 baada yake. Saa 2 kwa picha moja kila sekunde 10 ni picha 720, yaani video ya sekunde 29 hivi kwa fremu 25 kwa sekunde. RAW ya MB 30 kila moja itajaza GB 22 hivi.

## Hatua ya 2: Funga kila otomatiki usiyoihitaji

Mwangaza ndio pekee utakaoruhusiwa kubadilika. Vingine vyote vifungwe, kwa sababu kila kimoja kinaweza kuleta mruko ambao utaulaumu mwangaza bure.

1. Fokasi: tumia otomatiki kulenga kitu cha mbali, kisha hamia fokasi ya mkono na ubandike mkanda juu ya pete ya lenzi. Lenga mchana, gizani utabahatisha.
2. Mizani ya rangi nyeupe: weka namba moja, kwa mfano 5200 K. Ikiachwa otomatiki, rangi ya anga itabadilika fremu hadi fremu, na vipimo vya JPEG (picha ndogo zinazopimwa kwenye njia ya pili) vitavurugika pia.
3. Kitulizi cha mtikiso: zima, kwenye lenzi na kwenye kamera.
4. Uboreshaji wa vivuli wa kamera: zima. Huinua sehemu za giza kwa kiwango tofauti kila picha.
5. Kupunguza kelele (chembechembe kwenye picha) za mwonekano mrefu: zima kabisa. Kamera ikipiga sekunde 8, hupiga tena sekunde 8 nyingine shata ikiwa imefungwa ili ipime kelele. Intavali yako (muda kati ya picha na picha) inakufa hapo, na picha zinarukwa bila onyo.
6. Kujizima kwa kamera: zima, au weka muda mrefu kuliko intavali.
7. Kamera ya kioo cha ndani (DSLR): funika kitundu cha kuchungulia. Tochi ikimulika nyuma ya kamera, mwanga hupenya humo na kudanganya kipimo.

Ukishamaliza, piga picha 10 mfululizo za ukuta usiobadilika mwanga, kamera ikiwa kwenye M. Zikitazamwa haraka haraka zinatakiwa zifanane kabisa. Zikitofautiana, kuna kitu bado hakijafungwa, au ni apecha.

## Hatua ya 3: Tuliza apecha

Apecha, yaani tundu la lenzi, hufungwa na visu vidogo. Katika kamera nyingi visu hivyo hubaki wazi, kisha hujikunja kila unapopiga na kurudi, lakini havirudi sehemu ileile hasa. Tofauti ni ndogo kiasi kwamba kwenye picha moja huioni. Kwenye video inaonekana waziwazi, hasa angani.

Tiba rahisi ni kupiga kwa tundu lililo wazi kabisa, kwa mfano f/2.8 kwenye lenzi ya f/2.8. Visu havina pa kusogea. Ukihitaji f/8, tafuta lenzi ya mkono ambayo pete yake hushikilia visu mahali pamoja.

Ipo hila ya kamera za kioo za Canon: unabonyeza kitufe cha kuhakiki kina cha fokasi, na ukiwa umekishikilia unazungusha lenzi kidogo hadi miguso ya umeme iachane, visu vikabaki vilipo. Hufanya kazi, lakini lenzi inabaki haijajifunga na inaweza kuanguka. Tumia kwa kamera iliyotulia tu, na usiinamishe tripodi.

Kuanzia hapa apecha haiguswi tena hadi mwisho.

## Hatua ya 4: Chagua intavali na ukomo wa shata

Intavali inaanza kuhesabiwa tangu shata inapofunguka hadi inapofunguka tena. Ndani yake lazima iingie picha nzima, kuandika kwenye kadi, na pumzi kidogo.

Tahadhari ambayo wengi hawaijui: kwenye kamera nyingi, namba za shata kwenye skrini zimekatwa zikae vizuri machoni. Sekunde 15 kwa kweli ni 16, na 30 ni 32. Mtu anayeweka intavali ya sekunde 30 na shata ya 30 anapoteza nusu ya picha zake na hajui kwa nini.

- Mji na mawingu: intavali sekunde 10, shata isizidi sekunde 6.
- Hadi nyota: intavali sekunde 20, shata isizidi 15. Zinabaki sekunde 4 za kuandika.

Usibadilishe intavali katikati eti kwa sababu giza limeingia. Mawingu yataonekana yakiongeza kasi ghafla.

## Hatua ya 5, njia ya kwanza: otomatiki ya kamera iliyotulizwa

Njia hii inatosha kwa machweo ya mjini na kwa yeyote asiyetaka kubeba kompyuta.

1. Weka hali ya kipaumbele cha apecha, kwa f uliyochagua.
2. Weka kipimo cha mwanga cha eneo zima. Kipimo cha nukta ni balaa: wingu likipita kwenye nukta, picha nzima inaruka.
3. Washa ISO otomatiki, ISO 100 hadi 3200. Kisha tafuta kwenye menyu yake mpangilio wa shata ya polepole kabisa inayoruhusiwa kabla ISO haijaanza kupanda. Iweke sekunde 4 au 6, au mwisho unaokubaliwa na kamera. Ukiiacha ilivyo, ISO itapanda shata ikiwa bado 1/60, na utafika usiku ukiwa na kelele tele na nafasi ya shata isiyotumika.
4. Tumia kipiga-intavali cha ndani ya kamera. Nikon nyingi zina kipengele cha kulainisha mwangaza ndani ya menyu hiyo, kiwashe. Sony zina wepesi wa kufuata mwanga, wa juu, wa kati na wa chini. Chagua wa chini.
5. Anza na fidia ya mwangaza ya 0, kisha ishushe theluthi moja kwa wakati hadi -1 au -1.7 usiku. Fanya hivyo kwa simu au rimoti, usiguse kamera.

Udhaifu wa njia hii uko mwishoni. Vipimo vya mwanga vya kamera nyingi huchoka kwenye EV -3 au -4 (EV ni kipimo cha mwanga ambacho kila namba ni stopu 1), ambako ni giza la kawaida tu nje ya mji. Baada ya hapo kamera inakisia, na picha zinazama. Ukifika hapo, hamia M ukiwa na namba zilezile za picha ya mwisho iliyokuwa nzuri, na umalizie hivyo; mwanga umeshakaribia kutulia.

Mafanikio yanavyoonekana: ukipitia picha kwenye kamera, shata inabadilika baada ya picha kadhaa, si kila moja, na haipandi na kushuka kwa zamu.

## Hatua ya 5, njia ya pili: kompyuta inayopima picha yenyewe

Hapa kipimo cha kamera hakitumiki kabisa. Kamera inakaa M, kompyuta inasoma picha iliyotoka kupigwa, na kuamua kama inayofuata isogezwe. Inafika giza lolote, kwa sababu inapima kilichonaswa. Ndiyo njia ninayoipendekeza kwa yeyote anayetaka kufika kwenye nyota.

### Unganisha

Chomeka kebo, kisha:

`gphoto2 --auto-detect`

Ukiambiwa kifaa cha USB hakishikiki, mara nyingi ni programu ya Linux ya kufungulia picha ambayo imeiwahi kamera. Izime kwa `pkill -f gphoto2` na ujaribu tena. Kisha orodhesha ngazi za shata:

`gphoto2 --get-config shutterspeed`

Baadhi ya Nikon hutumia `shutterspeed2`. Utapata orodha yenye namba za mpangilio. Badilisha kwa namba hizo kwa `--set-config-index`. Hatua moja inakuwa ngazi moja, na huhitaji kuandika sehemu. Hakikisha tu kamera imewekwa kwenye theluthi za stopu, na uangalie orodha inaanzia upande gani.

Weka `capturetarget=1` ili picha zikae kwenye kadi. Kwa kamera nyingi 0 ni kumbukumbu ya muda, na ukikatika waya huna kitu. Hifadhi RAW pamoja na JPEG ndogo. Kompyuta ivute JPEG tu. Kuvuta RAW kwa kebo ya polepole kunakula intavali.

### Pima

JPEG haiandiki mwanga kwa mstari ulionyooka. Pikseli (nukta ya picha, yenye thamani 0 hadi 255) yenye 200 haina mwanga mara mbili ya ile yenye 100. Rudisha kwanza kila pikseli kwenye mwanga wake, ndipo uchukue wastani:

`m = wastani wa (pikseli / 255) ^ 2.2`

Mkunjo wa rangi wa kamera hufanya hesabu hii kuwa ya makadirio, lakini makadirio yanatosha kwa sababu mzunguko (piga, pima, amua, piga tena) unajisahihisha kila picha. Chagua mtindo wa rangi usio na chumvi nyingi.

Kama pikseli zote zingekuwa 110, m ingekuwa 0.157. Zikishuka hadi 100, m ni 0.128. Hiyo ni tofauti ya stopu 0.3: macho hayashtuki yakiona 110 na 100 zimeandikwa, lakini kwenye video ni hatua nzima.

Pima anga na mandhari, usipime kila kitu. Ondoa eneo la jua lenyewe, barabara yenye magari, na mabango ya taa. Kisha tupa asilimia 5 ya pikseli zinazong'aa kuliko zote kabla ya kuchukua wastani.

### Tenganisha mwanga wa nje na mpangilio wa kamera

Hapa ndipo wanaojiandikia programu huteleza. Wanalainisha mwangaza wa picha 5 zilizopita, wakisahau kwamba mpangilio ulibadilika katikati. Vipimo vya kabla na baada ya hatua vinachanganywa, mzunguko unadhani bado ni giza, unaongeza tena, kisha unajikuta umepitiliza.

Tafuta mwanga wa nje kwanza:

`S = log2(m) - log2(t × ISO / 100)`

t ni muda wa shata kwa sekunde. Tumia muda wa kweli: 1/60 ni 1/64, na 15 ni 16. S haijali uliweka nini kwenye kamera, hivyo inaweza kulainishwa bila hatari. Chukua S 5 za mwisho, zipange, uchague ya katikati. Usitumie wastani: gari moja likimulika lenzi huvuta wastani, lakini haliisogezi thamani ya katikati. Kwa intavali ya sekunde 20 tumia 3 badala ya 5, usije ukachelewa mno.

### Amua

Mzunguko mzima ni huu. P ni mpangilio wa kamera, na lengo ni log2 ya mwangaza unaoutaka:

```
P = log2(t × ISO / 100)
kosa = S_katikati + P - lengo
kama kosa < -0.25 na picha 4 zimepita tangu hatua ya mwisho:
    ongeza theluthi ya stopu
kama kosa > +0.25 na picha 4 zimepita tangu hatua ya mwisho:
    punguza theluthi ya stopu
vinginevyo: usiguse
```

Kwa nini 0.25? Hatua yako ni 0.33. Kosa likifika -0.25 ukaongeza hatua moja, unatua kwenye +0.08, katikati ya ukanda wa utulivu, yaani eneo ambamo mpangilio hauguswi. Ukijifanya makini na kuweka 0.10, kosa la -0.10 litakutupa kwenye +0.23, ambayo iko nje ya ukanda, hivyo utapunguza, utarudi -0.10, utaongeza tena. Mwanga wa nje haujabadilika hata kidogo, na video inarukaruka. Ukanda usiwe chini ya nusu ya hatua upande wowote, na uongeze kidogo juu ya hapo kwa ajili ya kelele.

Kwa nini picha 4? Kwa intavali ya sekunde 10 hiyo inaruhusu stopu 1 kila dakika 2. Jua linahitaji 1 kila dakika 3, kwa hiyo una akiba. Kwa intavali ya sekunde 20 weka picha 2.

### Lengo lishuke na giza

Ukishikilia lengo moja hadi mwisho, usiku utaonekana kama mchana wenye nyota. Kosa hili ni la kawaida, na huwezi kulirekebisha vizuri baadaye kwa sababu taa za mji zimeshaungua, yaani zimekuwa nyeupe tupu.

Anza na lengo la -2.67, ambalo ni ile 110 ya JPEG. Kisha kwa kila stopu 1 ambayo S imeshuka tangu mwanzo, shusha lengo kwa 1/8, hadi limeshuka stopu 2. Usiku utatua karibu na 60 kwenye JPEG: kweusi, lakini vilima bado vinaonekana. Mjini simama kwenye stopu 1.

### Mpangilio wa kupanda

Jua likizama, shata irefuke kwanza hadi ukomo wa hatua ya 4, ndipo ISO ianze. Alfajiri ni kinyume: ISO ishuke hadi 100 kwanza, kisha shata ifupike. Usibadilishe vyote viwili kwenye picha moja. ISO ikifika 3200, programu iache kuongeza na iendelee kupiga. Giza la mwisho ni halali yake.

Jua likishazama kabisa unaweza kuifunga programu ili iongeze tu, isipunguze kamwe. Inaondoa miruko mingi. Usifanye hivyo jua likiwa bado juu: wingu likifunika kisha likaachia, anga yote itaungua na programu haitaweza kurudi.

## Hatua ya 6: Jaribu ndani ya nyumba

Majaribio mawili yanatosha.

La kichujio. Elekeza kamera ukutani chini ya taa isiyobadilika. Ikishatulia, shikilia ND8 mbele ya lenzi. Mzunguko unatakiwa upande hatua 8 au 9 za theluthi, kwa mwendo uleule, kisha usimame. Kwa picha 4 kila hatua ni kama dakika 6. Ikipitiliza na kurudi, uchunguzi uanzie kwenye hesabu ya S. Isiposimama kabisa, ukanda ni mwembamba.

Kwa jaribio hili weka lengo lisilobadilika, la sivyo hatua zitapungua kwa moja hivi na utadhani kuna kosa.

La tochi. Mulika eneo linalopimwa kwa picha moja tu. Mpangilio usisogee. Ukisogea, hutumii thamani ya katikati, au unaipima picha ya mwisho pekee.

Taa za umeme wa 50 Hz huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, na za 60 Hz mara 120. Shata fupi kuliko mzunguko huo hunasa sehemu tofauti kila mara. Kwa jaribio la ndani tumia shata ya 1/25 au ndefu zaidi, na shata ya kielektroniki uiepuke.

## Hatua ya 7: Uwanjani

Simika tripodi, ning'iniza uzito, shusha nguzo ya katikati. Panga picha ya kwanza kwa mkono hadi histogramu (grafu ya mwangaza wa picha) ikae bila kubanwa kulia, isipokuwa duara la jua. Hili lina uzito kuliko linavyoonekana: pikseli zikishagota 255 kompyuta haijui zimezidi kwa kiasi gani, na itahangaika dakika kadhaa kutafuta njia.

Acha picha 20 zipite kabla ya kuondoka. Soma kosa linaloandikwa kila picha. Linatakiwa licheze ndani ya ±0.25.

Washa mkanda wa joto kabla umande haujaonekana. Umande hufifisha picha taratibu, mzunguko unadhani ni giza, na unaongeza mwangaza kwa utiifu mkubwa juu ya kioo chenye ukungu.

Andika kila mpangilio kwenye faili: namba ya picha, t, ISO, S, kosa. Utaihitaji sasa hivi.

## Hatua ya 8: Futa ngazi

Hata ukifanya yote sawa, mwangaza umepanda kwa ngazi za theluthi. Video ina mfano wa meno ya msumeno: inafifia polepole, inaruka kidogo, inafifia. Hili ni tatizo jema, kwa sababu unajua kila ngazi iko wapi.

Chora mstari laini unaopita katikati ya ngazi za P. Kwa kila picha, toa P halisi kwenye thamani ya mstari. Jibu ni fidia ya RAW ya picha hiyo: picha za mwisho kabla ya ngazi hupata kama +0.17, ya kwanza baada yake -0.17. Andika thamani hiyo kwenye faili la XMP (faili la maelezo ya uhariri linaloambatana na RAW) kwenye sehemu ya `crs:Exposure2012`, na programu za Adobe zitaisoma. LRTimelapse hufanya hesabu hii yenyewe ukipenda kununua urahisi.

Mizani ya rangi iteleze kwa mtindo uleule, kwa mfano kutoka 5500 K machweo hadi 4000 K usiku.

Ukishatoa JPEG, unganisha na usafishe mabaki kwa programu ya ffmpeg:

`ffmpeg -framerate 25 -i picha_%04d.jpg -vf "deflicker=size=15,scale=3840:-2" -c:v libx264 -crf 16 -pix_fmt yuv420p video.mp4`

`size` ni idadi ya fremu zinazolinganishwa. Ukiipandisha sana, radi na taa zinazowaka ghafla huanza kuacha vivuli vya mwangaza mbele na nyuma yake.

## Ikiwa bado kuna tatizo

Mruko wa fremu moja moja, bila mpangilio. Apecha. Rudi hatua ya 3. Hakuna programu ya udhibiti inayoweza kuuzuia, kwa sababu hujulikana tu baada ya picha kupigwa.

Wimbi la juu na chini la kila picha 8 au 10. Mzunguko unajikimbiza: ukanda mwembamba, au unalainisha mwangaza wa picha badala ya S.

Picha zinarukwa giza likiingia. Shata imeikaribia intavali, au kupunguza kelele kumewashwa. Linganisha saa za faili. Zikiwa zimeachana mara mbili ya intavali, ndilo hilo.

Machweo mazuri, kisha kila kitu kinazama ghafla. Kwa njia ya kwanza, kipimo cha kamera kimefika mwisho wake. Kwa njia ya pili, lengo linashuka haraka mno, au umegota ISO 3200 mapema kwa sababu ukomo wa shata ni mfupi.

Anga safi, ardhi inarukaruka. Eneo unalopima lina taa za magari. Chora upya mipaka yake, upime anga peke yake.

Rangi inaruka lakini mwangaza umetulia. Mizani ya rangi ilibaki otomatiki. Kama una RAW, weka namba moja kwa picha zote, hakuna kilichopotea.